Nimerudi Kongowea, miguu imefunguka

Nimerudi jana hapa Mombasa baada ya miezi 2 Houston kwa dadangu, na kitu cha kwanza nilichofanya asubuhi ni kutoka nje nikapunga mkono, tuktuk ikasimama, wallahi nusra nilie. Kule Marekani bila gari huendi popote jamani. Duka la karibu kwa miguu ni dakika 40, na ile njia ya wapita kwa miguu inakatika tu ghafla, unajikuta kwenye nyasi magari yanakupita mbavuni kwa kasi. Siku moja nikamwambia dada leo napanda basi, nikasimama steji jua la Julai, steji yenyewe ni kibao kwenye mlingoti, hakuna kivuli, hakuna muuza maji, hakuna hata mtu wa kumuuliza, basi likaja baada ya saa nzima. Na ile barabara kuu yao, Katy Freeway, mahali pengine ina leni 26 ukihesabu na barabara za pembeni, lakini jioni bado magari yamesimama!

Iliyoniuma zaidi ni mama mmoja jirani, Mkenya mwenzetu, macho hayamruhusu tena kuendesha, basi anakaa ndani wiki nzima akingojea mwanawe apate ofu Jumamosi. Bibi yangu huku ana miaka 78, anatoka Likoni anavuka feri kwa miguu bila kulipa, anapanda matatu mpaka soko la Marikiti, konda anamshikia kikapu, na kabla ya adhuhuri ashafika nyumbani na ndizi zake.