Hesabu za chama kwenye runinga: nilivyopata maandishi yanayosomeka

Chama chetu cha kuweka akiba hukutana kwangu, mtaa wa Umoja, Nairobi, kila Jumapili ya kwanza ya mwezi. Tuko kumi na wawili, na mimi ndiye mweka hazina. Zamani nilikuwa nikichapisha hesabu kwenye karatasi. Mwaka huu, kwa kuwa sebuleni nina runinga ya inchi 43 ya 4K, yaani yenye nukta nyingi sana za picha, niliamua kuunganisha kipakatalishi ili sote tuone daftari kwa pamoja.

Mara ya kwanza nilichomoa waya wa HDMI, ule unaopeleka picha na sauti kwenye runinga, kutoka kwenye king'amuzi nikauchomeka kwenye kipakatalishi. Picha ilitokea, lakini safu ya mwisho, ile ya jumla, ilikuwa imekatwa ukingoni. Madeni huwa nayaandika kwa rangi nyekundu juu ya kijivu, na hizo tarakimu nyekundu zilikuwa zimevuja kama wino kwenye karatasi iliyolowa. Mama aliyeketi karibu na mlango, mkubwa wetu kwa umri, anadaiwa 3,300. Yeye aliona 3,800.

"Mwanangu, hii mia tano imetoka wapi?"

Swali lile liliniuma. Watu wakishaanza kutilia shaka daftari, chama hakina maisha.

Kesho yake nilishuka mjini, Luthuli Avenue, kwenye maduka ya vifaa vya umeme. Muuzaji wa kwanza alinionyesha waya wenye ncha za dhahabu, akisema utaongeza rangi. Si kweli. HDMI hupitisha namba tu: waya ukiwa mzima, picha inafika ilivyo, ukiwa dhaifu, utaona vidoadoa au skrini itazimika na kuwaka. Wangu wa zamani haukuwa na kosa lolote.

Kosa lilikuwa kwenye mipangilio ya runinga. Runinga huipokea kila picha kama matangazo ya mpira: inaikuza kidogo, inaipiga msasa, inaikoleza rangi. Maandishi ya kompyuta yanataka kila pikseli, yaani kila nukta ya picha, ibaki mahali pake. Kule kukatwa kingo ni desturi iliyorithiwa kutoka runinga za kioo kizito, ambazo kingo za picha zilijificha nyuma ya fremu. Niliingia kwenye menyu ya ukubwa wa picha, nikachagua ile isiyokuza (LG huiita "Just Scan", Samsung "Fit to Screen"), na safu ya jumla ikarudi. Kisha nikashusha ukali wa picha hadi 0, na ile mistari myeupe iliyozunguka herufi ikatoweka.

Bado nilikuwa natuma 1920 kwa 1080, yaani robo tu ya pikseli za runinga yenyewe, 3840 kwa 2160. Nilipopandisha, kishale cha kipanya kikaanza kuburuzika. Tundu la HDMI la kipakatalishi changu ni la toleo la 1.4, na hilo haliwezi kupitisha picha ya 4K zaidi ya mara 30 kwa sekunde. Filamu ungetazama bila shida, lakini kuandika hesabu mbele ya watu kunachosha. Nikarudi mjini na kipakatalishi chenyewe begani, kwa sababu si kila tundu la USB-C (lile dogo la duara refu) hutoa picha, nikajaribu adapta ya USB-C kwenda HDMI pale pale dukani kabla ya kulipa. Ukinunua, sisitiza iwe ya 4K kwa mara 60. Nyingi zilizopangwa pale huishia 30.

Nilifika nyumbani, kishale kikateleza vizuri, lakini nyekundu ilikuwa bado inavuja! Hapa ndipo nilipokaa muda mrefu kuliko pengine pote. Runinga nyingi, usipozifungulia njia, hupokea 4K ya mara 60 kwa kubana rangi: mwanga wa kila pikseli unabaki, ila pikseli nne zinagawana rangi moja. Herufi nyeusi juu ya nyeupe huoni tofauti. Nyekundu juu ya kijivu ndiyo inayoumia. Dawa yake iko sehemu mbili. Kwanza, washa mpangilio wa tundu unalotumia: kwa LG ni "HDMI Ultra HD Deep Colour", kwa Samsung "Input Signal Plus". Pili, lipe tundu hilo jina la PC kwenye orodha ya vifaa. Jina hilo linaiambia runinga iache kuchezea picha. Nilipolichagua tu, tarakimu zilikaza.

Herufi zilikuwa ndogo mno kwa mtu wa mbali, kwa hiyo nilizikuza ndani ya Windows hadi asilimia 200 na kuacha 4K kama ilivyo. Ukishusha idadi ya pikseli ili herufi ziwe kubwa, unarudisha ukungu ule ule.

Jumapili ya chama iliyofuata sikumsogezea yule mama kiti. Alikaa pale pale mlangoni, akavaa miwani, akasoma kwa sauti: "Elfu tatu, mia tatu." Kisha akafungua mkoba wake.