Mama na maisha ya Mbagala

Kule kijijini Matombo, Morogoro, mama alipanda mlima na ndoo kichwani kila asubuhi. Huku Mbagala, Dar, maji yapo uani (yakitoka!), sokoni anapelekwa na bodaboda, jioni wajukuu wanamletea chipsi mayai na soda. Vitenge vimeanza kumbana.

Juzi duka la dawa wakampima presha: 162 kwa 96, iko juu. Akawauliza, "Sasa mbona siumwi?" Ndiyo ubaya wa presha, haipigi hodi.

Kuna watafiti waliwafuatilia watu waliohama vijiji vya Morogoro kuja Dar, wakachapisha 2010. Ndani ya mwaka mmoja uzito ulipanda, kazi za nguvu zikapungua. Ila matunda walikula zaidi, kwa hiyo tusiusingizie mji kila kitu. Na mama kijijini hakuwahi kupimwa presha, huenda alikuja nayo.

Daktari kamwanzishia vidonge vya kila siku, chumvi apunguze. Yeye anataka arudi akalime. Kaka hataki kusikia, eti dawa nani atamsimamia? Mimi niko upande wa mama. Wenye wazee waliorudi kijijini na wanatumia dawa, mnafanyaje zisikatike?