Idi ya uji

Ganzi ilipoanza kuachia, kitu cha kwanza nilichofanya ni kukagua mshono wa ufizi wangu. Nilisimama mbele ya kioo cha bafuni, nikavuta shavu la kushoto kwa kidole kimoja, tochi ya simu mkono wa pili, mama mdogo akinipigia kelele toka kitandani niache kuchokoa. Sikuchokoa, nilitazama tu. Nyuzi nyeusi saba, kila mshono na fundo lake, hakuna uliounganishwa na mwenzake. Mimi ni fundi cherehani, nina kibanda Ngamiani, Tanga, na kazi mbovu naijua hata gizani. Ile haikuwa mbovu. Daktari alikuja kunieleza baadaye kwamba hufunga fundo mojamoja kwa makusudi, mshono mmoja ukikatika mingine inabaki imeshika. Sisi hatujisumbui hivyo kwa sababu gauni halitafuni wala halimezi mate.

Hiyo ilikuwa Jumatatu, tarehe 20 Agosti 2018, Chennai, India, siku mbili kabla ya Idi Kubwa. Fundi gani anafunga kibanda wiki ya Idi? Wateja wangu wananiuliza mpaka leo. Lakini safari haikuwa yangu. Ilikuwa ya mama mdogo na goti lake. Ndugu walichanga karibu mwaka mzima, na tarehe ya daktari wa mifupa ikishatoka haimngoji mtu amalize kutia vifungo. Mimi nilikuwa msindikizaji. Ila zamu yangu ya upatu ilikuwa imeiva, na nilikuwa na mapengo mawili juu kushoto, magego niliyong'olewa miaka kumi na moja nyuma, enzi zile jino likiuma tiba ni koleo. Nikasema liwalo na liwe, na mimi nikaomba viza ya matibabu. Tukaenda wagonjwa wawili, kila mmoja msindikizaji wa mwenzake.

Goti likaisha mapema. Hakuna kupasuliwa, akaambiwa, bali dawa, mazoezi na kupunguza mwili. Mama mdogo alinuna kutwa nzima kama mtu aliyevaa akajipamba, kufika harusini akakuta imeahirishwa. Basi zikabaki siku zote za meno yangu.

Hiyo miaka kumi na moja ndiyo iliyonifikisha kwenye kisu kikubwa kuliko nilichotarajia. Jino likitoka, mfupa uliokuwa umelishika unakosa kazi na unalika kidogo kidogo. Na juu ya magego ya juu kuna uwazi ndani ya mfupa wa shavu, una hewa tupu, ule unaokuuma ukipatwa na mafua makali. Nao huteremka taratibu kuchukua nafasi iliyoachwa. Kwenye picha daktari alinionyesha mfupa wangu uliosalia, mwembamba kama pindo la leso. Skrubu ya kubebea jino jipya haina pa kushika hapo. Ikabidi ainue kwanza sakafu ya ule uwazi, ajaze unga wa mfupa chini yake, ndipo azamishe skrubu mbili za titani.

Nikamuuliza, mfupa wa nini? Akacheka. Akasema hakuna wiki inayopita bila swali hilo, Wahindu wanataka kujua kama ni wa ng'ombe, Waislamu kama ni wa nguruwe. Upo wa ng'ombe, upo wa nguruwe, na upo wa kutengenezwa maabara usiotoka kwa mnyama yeyote. Mimi atanitilia huo wa maabara. Nikatulia.

Tulipokuwa tunangoja ganzi ishike akanisimulia habari ya Msweden mmoja, Brånemark, aliyekuwa akichunguza mifupa ya sungura miaka ya 1950. Alikuwa ameweka vijibomba vya titani kwenye miguu ya hao sungura, na alipotaka kuvitoa avitumie tena, maana vilikuwa ghali, havikutoka. Mfupa ulikuwa umevikumbatia. Mwaka 1965 akamwekea binadamu wa kwanza meno kwa njia hiyo. Jioni nilipomsimulia mama mdogo, kwa nusu ya mdomo, akapiga kofi paja: "Sungura tena! Hata huko kwa Wazungu hakuacha ujanja wake."

Operesheni yenyewe sina mengi ya kuieleza. Nilisikia mtikisiko, sikusikia maumivu. Kazi ilianza nyumba ya wageni.

Tulipanga chumba karibu na Greams Road, mtaa ambao kila nyumba ya pili inalaza wagonjwa na jamaa zao, na dukani ukisimama utasikia Kiarabu, Kibengali, na siku nyingine Kiswahili. Karatasi ya masharti nilibandika ukutani. Barafu shavuni dakika ishirini, pumzisha, rudia. Lala kwa mito miwili. Usinywe kwa mrija. Usiiname. Usisukutue mdomo kwa siku moja, bonge la damu lisitoke. Na lile lililopigiwa mstari mara mbili: wiki mbili usipenge kamasi, na chafya ikija usiibane, fungua mdomo itoke. Maana juu ya zile skrubu kuna ngozi nyembamba tu iliyoinuliwa, na upepo wa pua ukisukuma kwa nguvu unaweza kuichana na kuumwaga ule unga wote.

Nilipoisoma mara ya pili nikakumbuka udhu. Kusukutua mdomo na kupandisha maji puani, vyote viwili nimekatazwa! Mama mdogo alisoma chuo kuliko mimi, akasema kwetu sisi Mashafii vile viwili ni sunna, uso ndio faradhi, nioshe uso na nisijitie wasiwasi. Hata hivyo akapiga simu Tanga kumuuliza shemeji yake, ambaye alikuwa amelala. Jibu likawa lilelile, ila refu zaidi.

Kusujudu nako hakukuwezekana. Ukiinamisha kichwa damu yote inakimbilia shavuni, unahisi moyo unapigia ndani ya taya. Yeye goti lake lilikwishamtoa sakafuni muda mrefu. Basi kijana wa mapokezi akatuletea viti viwili vya plastiki, tukaviweka sambamba kuelekea machweo. Huko ndiko kibla cha Chennai kilipo, sisi tuliozoea kuelekea kaskazini. Tukaswali tumekaa, yeye kwa goti, mimi kwa pua. Siku ya kwanza nilijizuia kucheka mpaka mshono ukanichoma.

Uvimbe wa kinywa una tabia yake. Siku ya kwanza unakudanganya kwamba umeponea, halafu ya pili na ya tatu ndiyo unafika kileleni. Yangu ya pili ilikuwa Idi. Alfajiri nilisikia takbira kutoka misikiti ya jirani, nikaamka nikaona jicho la kushoto halifunguki vizuri. Kioo kikanionyesha uso wa mtu mwingine, shavu limejaa mpaka kope, ngozi imevutika inang'aa. Mama mdogo akanitazama, akasema: "Idi mubarak, mwanangu. Leo mkono wa Idi nitampa nani, wewe au hilo shavu?"

Adhuhuri harufu ya biriani ikapanda ngazi. Na simu nayo ikaanza. Wateja. Mmoja gauni limembana makwapani, mwingine anataka kujua funguo za kibanda ziko kwa nani, wa tatu hakuuliza kitu, alilaani tu, kwa sauti, dakika mbili na nusu. Sikuweza kumjibu. Taya lilikuwa likifunguka upana wa kidole kimoja. Nikalia kidogo. Si kwa maumivu, dawa zilikuwa zinayaweza. Nililia kwa sababu ilikuwa Idi na nilikuwa na njaa.

Yule kijana wa mapokezi alikuwa mtu wa Kerala, jimbo la jirani lililokuwa na mafuriko. Siku hizo televisheni ya sebuleni haikuonyesha kitu ila Kerala, maji yamefika kwenye madirisha, watu wanabebwa kwa mitumbwi ya wavuvi. Alikuwa na mama yake huko, na tangu tufike hatujamwona bila simu sikioni. Alipopanda kuuliza kama tunahitaji chochote, akaniona. Hakusema kitu, akashuka. Baada ya nusu saa akarudi na bakuli la wali uliopikwa ukalegea kabisa, unaogelea kwenye maji yake, na chumvi kidogo. Kwao wanauita kanji.

Mama mdogo akauonja. "Lakini huu si uji wa mchele? Umekosa nazi tu."

Nazi ikapatikana mara moja, ila sikutegemea alichokuja nacho yule kijana pamoja na nazi. Alitoka jikoni kwa mpishi, Mkerala mwenzake, amebeba kigoda cha mbao chenye ulimi wa chuma wenye meno. Mbuzi! Mbuzi wa kukunia nazi, yuleyule wa kukalia, kama aliyeko uani kwetu. Mama mdogo akamshika akamgeuza huku na huku. Goti halikumruhusu kukaa chini, kwa hiyo akamkalisha kijana, akawa anamwelekeza kwa vidole na kwa Kiswahili, naye kijana akawa anamjibu kwa lugha yake, maana kukuna nazi hakuhitaji kufundishwa na mtu wa Tanga. Wakagombana kidogo juu ya tui la kwanza na la pili. Ule uji nilinyweshwa kwa kijiko cha chai, upande wa kulia, uvuguvugu, kitambaa kidevuni, mtu mzima wa miaka arobaini na sita. Nilimaliza bakuli mbili. Kijana alikaa mlangoni akitutazama. Siku iliyofuata ndipo alipompata mama yake kwenye simu, yuko salama shuleni na wenzake, na mama mdogo akalazimisha apewe azungumze naye. Sijui walielewana nini. Waliongea muda mrefu.

Baada ya hapo chakula hakikunitisha tena. Ziko idli, mithili ya vitumbua vya mvuke visivyo na mafuta, laini kama sifongo. Uko wali wa mtindi uliopoa. Mama mdogo upande wake aligundua maduka ya tambuu. Alisema majani ya nyumbani ni kama magome ukilinganisha na yale, akawa anajaza kijaluba chake kila asubuhi, anatafuna mbele yangu bila aibu na meno yake machache, akiniambia: "Umetumia upatu mzima kununua mawili, mimi haya niliyobakiwa nayo yananitosha."

Ijumaa ikawa chafya.

Ijumaa jioni nyumba nyingi za huko hufukizwa. Mwenye nyumba alipita ukumbini na chetezo, moshi mzito wa sambrani, harufu ya ubani kabisa. Ungekuwa nyumbani ungejifukizia nguo. Ukaingia chini ya mlango. Nikauhisi ule mtekenyo puani, na mkono wangu wenyewe, kwa adabu niliyolelewa nayo, ukaruka kuziba mdomo.

"Fungua!" mama mdogo alipaza sauti. "Fungua mdomo, we mtoto!" Akanipiga mkono ukashuka.

Nikapiga chafya mdomo wazi, sauti ikafika barabarani. Nilipojifuta nikaona damu puani, matone matatu manne, mekundu. Tukatazamana. Niliona mfupa wangu wa maabara umeenda, upatu umeenda, na wateja wangu wamesikilizwa dua zao. Nikampigia daktari, Kiingereza changu cha dukani kikanipotea chote, nikabaki na maneno mawili, pua na damu. Akasema nikae wima, nisipenge, niende asubuhi. Usiku ule mama mdogo alilala amekaa kwenye kiti cha plastiki, kila nikijigeuza ananipapasa puani kwa kitambaa cheupe aone kama kimebadilika rangi.

Hakikubadilika. Jumamosi daktari akapiga picha, akasema kila kitu kipo pale alipokiweka, damu kidogo puani kwa upasuaji ule si ajabu. Akampongeza mama mdogo. Mama mdogo akataka atafsiriwe pongezi hiyo mara mbili.

Nyuzi zilitolewa tarehe 30, shavu wakati huo limegeuka rangi ya embe linaloiva, manjano mpaka shingoni. Tukangoja wiki mbili zitimie ndipo tukapanda ndege. Nilirudi Tanga na mapengo yangu yaleyale, skrubu zimefukiwa chini ya ufizi, na kila mtu akataka kuona meno mapya. Nikawa nafungua mdomo, wanatazama, wanatazamana.

Miezi saba ilipita kabla ya kuvishwa meno yenyewe. Chennai nauli ya pili sikuwa nayo, na daktari wa kule tulikwishaelewana kuwa mwenzake wa Dar es Salaam anaweza kumalizia, mradi nimpelekee kadi. Kila kampuni ina skrubu zake na bisibisi yake, na bila kadi yenye jina na vipimo, fundi anabaki kubahatisha. Hilo nalielewa, hata sindano za cherehani ziko hivyo. Basi Machi 2019 niko kwenye kiti Dar, mdomo umejaa pamba, daktari ananyoosha mkono, na kwenye mkoba wangu hamna kadi.

Nikampigia mama mdogo. Akasema kadi anayo yeye, tangu siku ile, kwenye kijaluba. Kwa nini kijaluba? "Kwa sababu ndicho ninachokifungua kila siku. Ningeiweka kabatini ingepotea."

Akamwita mjukuu aipige picha. Ikaja, imelazwa juu ya jani la tambuu, kona moja nyekundu, na kidonge cha chokaa kimekauka juu ya tarakimu. Daktari akaivuta picha kwa vidole viwili, akaisogeza karibu na macho, akaniambia nimwombe mama afute hapo katikati. Tukangoja. Ya pili ikaja, na kidole gumba cha mama mdogo pembeni, cheupe kwa chokaa: 4.1 kwa 10.