Kabeji, betri mbili na maji ya kisima chetu

"Maji ni maji," jamaa mmoja aliniambia nilipomuuliza nitumie maji gani kwenye jaribio langu, tena kwa sauti ya mtu aliyesoma. Ushauri huo ulinila wiki mbili na kabeji tatu za zambarau kutoka Marikiti. Hadi leo nikimkumbuka nasonya.

Nilitaka kuona kwa macho jinsi bufa (mchanganyiko unaozuia asidi au besi kuyageuza maji haraka) inavyoshikilia pH, yaani kipimo cha uasidi, kwenye mfereji mdogo. Kioo cha hadubini chini, plastiki juu (kutoboa kioo kulinishinda, vilivyopasuka msiniulize idadi), katikati seloteki ya pande mbili iliyochongwa kwa wembe. Kila mwisho nikagandisha kipande cha mrija wa soda, kinachoshika tone moja, kama mikrolita 50. Humo ndimo kiini cha penseli huingia. Ukikichomeka mferejini, mapovu yataziba kila kitu. Betri ni mbili, za volti 9. Upande wa chanya huzaa asidi, wa hasi besi (kinyume cha asidi), na maji ya kabeji hugeuka waridi huku na kijani kule.

Basi nikachota maji ya kisima chetu, Kisauni, Mombasa. Kabla hata sijaunga betri, kabeji ikawa buluu. Nikadhani imeoza, nikanunua nyingine. Buluu tena! Nikaunga hivyohivyo. Upande wa chanya, badala ya waridi, rangi ikafifia ikawa nyeupe pe, na chumba kikanuka jiki. Mama akachungulia mlangoni: "Mwanangu, kabeji hii waila ama waichezea?"

Sisi twakaa juu ya mawe ya matumbawe. Maji ya kisima yamejaa bikaboneti, ambayo yenyewe ni bufa. Nami nilikuwa natafuta maji yasiyo na bufa ili nilinganishe! Chumvi nayo, umeme ukipita, hutoa klorini, na klorini hula rangi.

Dawa ikawa maji yaliyokenekwa, yale ya betri za gari, kwa shilingi mia na kitu. Hakikisha hukupewa asidi. Nikatia salfeti ya sodiamu kidogo ili yapitishe umeme, nikarekebisha hadi mita ikasoma mikroampea 100, yaani karibu nanomoli 1 ya asidi kila sekunde (nanomoli ni kipimo cha kiasi cha kemikali). Sekunde kumi hazikuisha, waridi!

Kisha bufa ya fosfeti, milimola 20 (ndio ukolezi wake), nusu umbo la asidi na nusu umbo la besi. Kwa hesabu, tone lile linaweza kumeza nanomoli 500, dakika nane na ushei. Yangu ilishika dakika sita na kitu. Kwa seloteki, si haba. Yule jamaa alikuwa amependekeza pia bufa ya siki, eti bufa ni bufa. Ya siki hushika karibu na pH 4.76, kwenye 7 haina nguvu. Fosfeti hushika karibu na 7.2.

Nusu kabeji iliyobaki mama aliitia kwenye kachumbari, akaikamulia ndimu. Ikageuka waridi palepale. Akanitazama: "Na hii je, yataka betri ngapi?"