San Antonio kwa Basi: Nilivyopanga Safari ya Mwisho wa Mwaka ya Jumuiya Yetu

Jumuiya yetu ya Des Moines, katika jimbo la Iowa, ina Wakongo, Warundi, Watanzania na Wakenya, na ilipoamuliwa kwamba mwisho wa mwaka twende mahali penye joto, kazi ya kupanga niliachiwa mimi. Niliichagua San Antonio, Texas, kwanza kwa sababu ya barabara: I-35 inapita kwetu na kushuka kusini mpaka mjini humo, umbali wa takriban kilomita 1,600, hivyo familia zenye watoto wengi na wazee wasiopenda ndege zingeweza kusafiri pamoja kwa gharama inayobebeka. Isitoshe, joto la mchana wa Desemba huko huwa kwa wastani nyuzi 17 au 18, jambo ambalo kwa mtu anayetoka kukwangua barafu kwenye kioo cha gari ni neema tosha.

Watu wengi hupanga safari ya namna hii kwa kuanza na hoteli. Mimi nilianza na saa za dereva, na bado naamini ndiyo njia sahihi. Sheria ya shirikisho nchini Marekani inamruhusu dereva wa basi la abiria kuendesha kwa saa 10 tu baada ya kupumzika saa 8 mfululizo, na akishafikisha saa 15 kazini haruhusiwi kuendesha tena, hata kama muda wote huo hakuwa kwenye usukani. Kwa hiyo kampuni moja iliponiahidi kwa bei nafuu kwamba dereva wake mmoja angetufikisha siku hiyo hiyo, nilishukuru nikakata simu. Tuligawa njia mara mbili, tukalala Oklahoma City, ambako huwa umekwisha kuvuka zaidi ya nusu ya safari, na chumba cha dereva tukakiingiza katika bajeti tangu mwanzo, kwa kuwa kwa kawaida gharama hiyo ni ya anayekodi.

Kabla ya kutoa malipo ya awali niliomba namba ya usajili wa kampuni katika idara ya usafirishaji ya serikali kuu, kwani kwa namba hiyo mtu yeyote anaweza kuangalia bure kumbukumbu za usalama za kampuni, zikiwemo ajali na ukaguzi wa magari. Niliomba pia cheti cha bima, ambayo kisheria haipaswi kupungua dola milioni 5 kwa basi linalovuka mipaka ya majimbo likiwa na viti 16 au zaidi. Baadhi ya wenzangu waliona nasumbua watu. Lakini basi la viti 56 likijaa ndugu zako, usumbufu wa aina hiyo ni sehemu ya heshima.

Tarehe nazo zilihitaji uangalifu. Misheni za Kihispania, yaani vituo vya kale vya kanisa tulivyokusudia kuvitembelea, zilizo chini ya hifadhi ya taifa, hufungwa siku ya Krismasi na ya Mwaka Mpya, na mikahawa mingi hufunga Krismasi vilevile. Tuliondoka alfajiri ya tarehe 26, kila mtu akiwa amekwisha kula sikukuu nyumbani kwake, na masanduku ya barafu yakiwa yamebeba pilau na chapati za njiani.

Jioni tuliyofika tuliteremka kwenye River Walk, njia ya kutembea kandokando ya mto San Antonio, ambayo iko chini ya usawa wa barabara za mjini. Katika majira hayo miti mirefu ya ukingoni hufungwa taa za rangi kuanzia juu hadi chini, na mwanga wake huonekana mara mbili, juu na majini. Mahali hapo pangeweza kuwa mfereji wa zege uliofunikwa: baada ya mafuriko ya Septemba 1921 kuua watu wapatao 50, lilikuwapo pendekezo la kuufukia mkono huo wa mto, hadi msanifu Robert Hugman alipoleta mchoro wake mwaka 1929. Kwa wazee, hata hivyo, tatizo lilikuwa ngazi. Lifti zipo, ila si kila mahali, na nilikuwa nimeziwekea alama kwenye ramani mapema ili mama mmoja mwenye kiti cha magurudumu asizungushwe.

Asubuhi iliyofuata tulikwenda Alamo, ambako kuingia kanisani ni bure lakini sharti uweke nafasi ya saa maalumu. Ilianza kama misheni mwaka 1718, na inakumbukwa kwa kuzingirwa kwa siku 13 kulikomalizika tarehe 6 Machi 1836, pale jeshi la Mexico chini ya Jenerali Santa Anna lilipowashinda waasi wa Texas, ambayo wakati huo ilikuwa sehemu ya Mexico. Niliona si haki vijana wetu waondoke na hadithi ya mashujaa peke yake. Niliwaeleza kwamba Mexico ilitangaza kufuta utumwa mwaka 1829 chini ya Rais Vicente Guerrero, ambaye mwenyewe alikuwa na asili ya Afrika, na kwamba walowezi wengi wa Texas waling'ang'ania watumwa wao. Miongoni mwa walionusurika Alamo alikuwamo Joe, mtumwa wa kamanda wa waasi, William Travis, naye ndiye aliyesimulia jinsi bwana wake alivyokufa. Maswali ya vijana yaliendelea mpaka ndani ya basi.

Mchana tuliutenga kwa misheni nyingine nne, yaani Concepción, San José, San Juan na Espada, ambazo pamoja na Alamo ziliingizwa na UNESCO mwaka 2015 katika orodha ya urithi wa dunia, ile ile yenye Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar. San José ndiyo kubwa, na wapiga picha walitosheka hapo. Kilichotushika zaidi ni mfereji wa Espada. Maji huchepushwa mtoni kwa bwawa dogo, hutiririka kwa mteremko tu bila pampu, kisha huvuka kijito juu ya daraja la mawe lenye matao mawili, lililojengwa na jamii za wenyeji chini ya mapadri Wafransisko katika miaka ya 1740, na linafanya kazi hadi leo. Mzee mmoja wa kwetu, aliyelima mpunga katika bonde la Ruzizi kabla ya vita, aliinama akatia mkono majini, akatazama mteremko, akaniuliza, “Mwanangu, zamu za maji walizigawaje hawa?” Nilitafsiri swali hilo kwa mhifadhi, nikatafsiri na majibu, na mazungumzo yao yakala muda niliokuwa nimeupangia soko. Sikuyakatiza.

Sokoni tulifika jioni. Chakula cha msimu huko ni tamale, yaani unga wa mahindi unaokandwa kwa mafuta, ukatiwa nyama, ukafungwa katika maganda ya hindi na kupikwa kwa mvuke. Waislamu wa kundi letu niliwatahadharisha kwamba hata tamale za maharagwe mara nyingi hukandwa kwa mafuta ya nguruwe, hivyo waliuliza kwanza kila kibanda, na wakaishia kwenye mikate mitamu na samaki.

Kwa kurudi niliacha siku moja ya akiba kabla ya watu kuripoti kazini, kwa kuwa Oklahoma na Kansas huweza kuganda barafu barabarani kwa usiku mmoja. Mkataba ulisema wazi kwamba uamuzi wa kusimama kwa ajili ya hali ya hewa ni wa dereva, na usiku wa ziada hotelini tutaulipa sisi. Fedha za usiku huo tulizichanga mapema na kuziweka kando. Hazikuhitajika, na kila familia ilirudishiwa zake.