Kuchapa picha kwa upawa, Bagamoyo

Mashine ya kuchapia picha sina. Wageni wakifika kwangu Bagamoyo huitafuta kwa macho, kisha wananikuta nimeshika upawa. Mgongo wa kifuu ukipigwa msasa ukalainika, unasugua karatasi juu ya ubao uliochongwa na kupakwa wino vizuri kuliko kijiko chochote cha mbao.

Nilianza kwa kuchora vitabu vya watoto. Kazi naipenda, tatizo malipo: unakabidhi michoro kabla ya Ramadhani, hela inaingia Idi ya Kuchinja imeshapita. Kilichonivuta kwenye uchapaji ni maisha ya Elizabeth Catlett, Mmarekani mweusi aliyezaliwa Washington mwaka 1915, mjukuu wa watu waliowahi kuwa watumwa. Mwaka 1946 alikwenda Mexico, akafanya kazi na wasanii wa Taller de Gráfica Popular, karakana ya kuchapa picha, waliochonga linoleamu, yaani zulia gumu la sakafuni, kwa sababu ni rahisi na kipande kimoja hutoa nakala nyingi ambazo mtu wa kawaida anaweza kuzinunua. Mwaka 1958 akaanza kufundisha uchongaji kwenye chuo kikuu cha taifa huko, na nyumbani alikuwa na watoto watatu wa kiume. Nikaona kumbe inawezekana.

Linoleamu madukani kwetu huioni, kwa hiyo nachonga mbao ya mwembe. Patasi nilifundishwa na mzee mmoja fundi wa milango ya nakshi. Kila nikijisahau alinikemea: "Mwanangu, mkono wa kushoto usitangulie patasi!" Hadi leo nawakemea wanafunzi kwa maneno yale yale.

Unapochonga panabaki peupe. Palipobaki juu ndipo panashika wino. Picha hutoka imegeuka, basi nachora kwanza kwenye karatasi nyembamba, naipindua, ndipo naikopi ubaoni kwa kaboni. Wino ni ule wa matbaa, nauagiza Dar. Nautandaza kwa rola juu ya kioo huku nasikiliza: ukizidi, rola inanatanata kwa kelele, ukikaa sawa, inatoa mlio mwembamba, laini. Hapo ndipo naupeleka ubaoni. Masika ni balaa, wino wa mafuta haukauki upesi kwenye hewa yenye unyevu, na oda za haraka sipokei kabisa.

Nakala naziandika namba kwa penseli. Wakati wa tamasha la TaSUBa, chuo cha sanaa cha hapa Bagamoyo, mnunuzi mmoja aliona 3/12 akauliza mbona tarehe ya Desemba haijafika. Nikamweleza ni ya tatu kati ya kumi na mbili. Akacheka, akanunua mbili.

Jumamosi nafundisha watoto. Wao siwapi patasi. Wanakandamiza michoro kwenye soli za kandambili zilizokatika, kwa kalamu iliyoisha wino. "Ticha, mbona jina langu limegeuka?" Kila kundi jipya lina wa kuuliza hivyo. Ada ni ndogo, na mama mmoja hulipa kwa dagaa. Napokea.

Ila ada hiyo na picha za tamasha ndizo zilizonipa kiburi mbele ya wachapishaji. Siku hizi sichori hata ukurasa mmoja kabla nusu ya malipo haijaingia kwenye simu. Wengine wamenikimbia. Waliobaki wanalipa.