Nani alikuwa anavichanganya?

Mahari ya dada imepokelewa Jumamosi, mkataba wangu pale hebaria, tunakohifadhi mimea iliyokaushwa, umeongezwa mwaka, na bado kinachoninyima usingizi ni swali la shangazi.

Tulikuwa nyuma ya zizi lake kule Same, najinasua kichakani. Miiba ile mifupi iliyopinda, ukichomoa huku inakudaka kule. Nikataka kuficha aibu kwa somo. "Shangazi, mti huu na ule wa bondeni zamani tuliita yote Acacia. Siku hizi wataalamu wamegundua ni jenasi mbili, makundi mawili tofauti."

Hakuacha kukata majani ya mbuzi. "Hiki kikwata. Ule mgunga. Nani alikuwa anavichanganya, baba?"

Watoto wakaangua kicheko. Nami nikacheka, cha kujikaza.

Nani alikuwa anavichanganya! Sisi, shangazi. Jumatatu nilifungua kabati la mikunde, nikaona vibandiko nilivyoandika kwa mkono wangu: kikwata ni Senegalia mellifera, mgunga ni Vachellia. Kigezo kimojawapo ni miiba. Ya kikwata kama kucha za paka, ya mgunga mirefu, imenyooka. Yeye alilijua hilo kwa kuchanika kanga.

Halafu nikakumbuka jina la Acacia lilivyotuondoka, aibu ikageuka hasira. Vinasaba vilionyesha Acacia ya zamani haikuwa ukoo wa babu mmoja, kwa hiyo kuigawa ni haki kabisa. Ugomvi ni nani abaki na jina. Australia ina spishi karibu 1,000 za ile Acacia ya zamani, ikapendekezwa ipewe. Kwenye mkutano wa dunia wa wataalamu wa mimea, Vienna, 2005, zaidi ya nusu ya kura zilipinga, ila kanuni ilitaka asilimia 60 ili kulizuia pendekezo. Melbourne, 2011, ikathibitishwa. Na kwa neno lenyewe Wagiriki waliuita mti wa miiba wa Misri! Sasa linavaliwa na miti ya Australia ambayo mingi haina hata mwiba.

Jana nikampigia, nikidhani nimemnasa: mbona mti mwingine, Senegalia senegal, nao watu huuita kikwata?

"Kipo cha nyuki na kipo cha gundi," akasema. "Wewe unataka kipi?"

Nilicheka peke yangu ofisini. Kisha akauliza mbona mdogo wangu hapokei simu yake tangu Jumapili. Nikamwambia labda ni mtandao. Kwangu pia hapokei.